Mwaka Tuliomwazima Kadzo

Mwaka jana tulikutana wanawake tuliosoma darasa moja, katika ukumbi wa hoteli ndogo pale Kizingo, tukiwa tumenenepa na kuvaa miwani. Tulitaniana kwa majina ya utotoni, tukaulizana habari za waume na wajukuu, tukawaombea dua waliotangulia. Sahani za biriani zilipoanza kuondolewa, mmoja wetu, hakimu anayeogopwa na mawakili, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayezungumzia vitunguu, kwamba kila asubuhi akifika mahakamani hukaa kwanza ndani ya gari, mikono juu ya usukani, akingoja moyo utulie. Hakuna kesi inayomtisha. Kinachomtisha hakijui jina. Kisha mwenzetu aliye meneja wa benki akasema yeye huamka alfajiri akajiuliza yote haya ni ya nini, na dawa yake ni kupanga upya kabati za jikoni. Mwingine akasema hutembea ufukweni mpaka magoti yaume. Mwingine husali, na akisha kusali hurudia, kwa kuogopa kwamba hakusali sawasawa. Sisi ndio tuliokuwa tukisomwa majina mbele ya shule nzima ili wengine watuige. Wakanigeukia mimi, daktari wao, kana kwamba nina dawa mkobani. Nikawaambia kwamba mimi zamu yangu ilikuja mapema, kabla sijatimiza miaka ishirini. Kadzo alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo kuniitikia, nami nikaelewa kwamba ameniruhusu kuisema habari yetu. Siku ile sikuisema yote. Nimeiweka hapa.

Wazazi wangu, na sababu za mimi kulelewa na Mama Mkubwa Shuena, nitaviacha. Si habari za mwaka ninaousimulia. Itoshe kwamba tulikaa Kibokoni, mimi na yeye, katika nyumba ya orofa moja yenye ngazi za mbao zilizolia kila ukikanyaga. Chini kulikuwa na ukumbi na jiko, na juu chumba changu, chenye vitanda viwili na dirisha moja lililotazama ukuta mweupe wa msikiti. Uchochoro ulikuwa mwembamba hata ukifungua dirisha ulihisi baridi ya ukuta ule usoni. Sauti zote za chini zilipanda juu: mazungumzo ya wanaume barazani, vikombe vya kahawa, wanawake waliosalimiana masalkheri na kuulizana hali mpaka wakamaliza jamaa wote. Katika chumba hicho mimi na Kadzo tulijisomea miaka minne. Baba yake alikuwa karani bandarini Kilindini, na kwao kulikuwa karibu na Makupa, katika nyumba za wafanyakazi. Walikuwa watu wa Kaloleni, Wakristo wa kanisa na kwaya. Kila Jumamosi alikuja kwetu na vitabu vyake, tukashindana kwa upole wa wanaopendana, ambao ndio ushindani mkali kuliko wote.

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yalipotoka, katikati ya miaka ya tisini, jina langu lilikuwa juu ya majina yote ya shule yetu, na la Kadzo lilifuata kwa tofauti ndogo mno. Mtaa mzima ulikuja kwetu. Wanawake walipiga vigelegele kutoka dirisha hata dirisha, Mama Mkubwa akapika pilau katika sufuria la arusi, na watu ambao hawakuwahi kunisemesha wakanishika mikono na kuniita daktari. Baada ya swala ya alasiri nilipanda juu kubadilisha nguo. Nikaketi kitandani, nikangoja furaha ije. Nilijua lazima ije, kwa kuwa nilikuwa nimeitumikia tangu darasa la kwanza. Haikuja. Likaja swali moja fupi: kisha? Nitasoma, nitafanya kazi, nitaolewa, nitazeeka, nitazikwa, kisha? Kifua kikabana. Vidole vikafa ganzi. Nikautazama ukuta wa msikiti, nilioweza karibu kuugusa kwa mkono, nikauona uko mbali sana, kama wa mji mwingine. Chini walikuwa bado wakiimba.

Siku hizo vyuo vikuu vilikuwa vimejaa, na aliyefaulu alingoja nyumbani zaidi ya mwaka kabla ya kuitwa. Hapo ndipo maradhi yangu yalipopata nafasi. Tangu nilipojua kusoma sikuwa nimewahi kuamka bila kujua kesho nitapimwa kwa nini. Sasa kulikucha na kukachwa, na hakuna aliyenipima. Hofu ilizoea kuja kati ya alasiri na magharibi, jua linapoacha uchochoro na sauti za barazani zinapokuwa nyingi. Jioni moja nilisikia mwanamume akimkemea mwanawe pale chini. Alimwambia amtazame Maimuna, yaani mimi, mtoto wa kike, maisha yake yamekwisha nyooka. Lakini neno la mwisho lilimezwa na kikohozi, na lililonifikia juu ni kwamba maisha yake yamekwisha. Nilifunga dirisha.

Nikatafuta dawa yangu mwenyewe. Nilitoa karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, nikaweka saa mezani, nikaanza kuifanya upya, hesabu, fizikia, kemia, mtihani mmoja kila alasiri. Maadamu nilikuwa ndani ya swali lenye jibu, lile lisilo na jibu lilikaa mlangoni. Mama Mkubwa aliingia siku moja na kikombe cha chai ya tangawizi akaniuliza ni mtihani gani huo. Nikamwambia hakuna. Akasimama pale na kikombe mkononi, akinitazama kama anayesikiliza kitu kwa mbali. Mwisho akaniambia kwamba ikiwa mtihani haupo, basi nipumzike. Hakujua kwamba kutokuwapo kwake ndiko kulikonitisha.

Nikaanza kukosa hamu ya kula. Mama Mkubwa alikuwa mtu wa kuonyesha mapenzi kwa chakula, na alijaribu kila alichojua: mbaazi za nazi, mkate wa sinia, samaki wa kupaka, viazi vya karai ambavyo utotoni nilikuwa nikivililia. Nilikula vijiko viwili vitatu kwa kumwonea huruma. Siku moja, nikishuka ngazi polepole, nilimsikia jikoni akizungumza na jirani yetu Bi Rehema. Bi Rehema alikuwa na hakika kwamba ni kijicho: mtoto amesifiwa na mji mzima, na haikusomwa hata aya moja. Mama Mkubwa alisema huenda, kisha akasema jambo lililonifanya niketi pale pale kwenye ngazi. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba usiku huja mlangoni kwangu kusikiliza kama napumua.

Wakanipeleka kwa maalimu mmoja upande wa Bondeni, kijana mwenye haya aliyekwepa kunitazama usoni. Alinisomea kwa muda mrefu, sauti yake nyembamba ikitetemeka kidogo mwanzo kisha ikapata nguvu. Aliandika kombe kwa zafarani katika sahani nyeupe, akaosha maandishi kwa maji ya waridi, nikanywa. Wakati wote ule mkono wa Mama Mkubwa ulikuwa mgongoni mwangu. Mchana ule nilirudi nikalala usingizi mzito ambao sikuwa nimeupata kwa miezi. Wasomi wenzangu wameniuliza kama naamini ni kombe. Mimi nasema nilisomewa, nikashikwa mgongo, nikalala, na sina haja ya kuvitenganisha. Lakini siku chache baadaye hofu ilirudi, alasiri ile ile.

Ndipo Kadzo akaja. Alikuwa amepata kazi ya muda ofisini kwa wakala mmoja wa kutoa mizigo bandarini, akipiga chapa na kujibu simu, na tulikuwa hatujaonana majuma mengi. Alisikia kwamba naumwa. Aliingia akicheka, akambusu Mama Mkubwa mkono, akala wali na mchuzi wa papa mpaka akakomba sahani, akasimulia vituko vya madereva wa malori waliokuwa wakimwita mwalimu. Nilimtazama nikamwonea wivu. Nikaona kwamba yeye amepona, au hakuugua kamwe. Tulipopanda juu nikafunga mlango, na kwa mara ya kwanza nikamweleza mtu: ukuta unaokwenda mbali, vidole, lile neno kisha. Nilitazamia acheke. Aliketi juu ya kitanda cha pili, kile alichokalia miaka minne na vitabu vyake, akaanza kulia bila sauti.

“Nilidhani ni mimi peke yangu,” akasema.

Akanieleza. Yeye dawa yake ilikuwa kuchoka. Alifanya kazi ya watu wawili, akajiunga na kwaya ya pili, na jioni aliondoka Kilindini kwa miguu mpaka nyumbani, ili akifika aanguke kitandani kama gogo. Alasiri moja alifika kwao akapita mlango bila kuingia. Akaenda mbele, kwenye barabara ile inayokatiza maji kwenda bara, malori yakipita nyuma yake, akasimama ukingoni.

“Nikayatazama maji,” akasema. “Sikuwa na huzuni, Mai. Nilikuwa nimechoka tu kuwa hodari.”

Hajui alisimama kwa muda gani. Mwanamke mmoja aliyebeba furushi la makuti alimwomba amsaidie kulitwika upya, kwa kuwa lilikuwa limeinama. Akamsaidia. Yule mwanamke akamshukuru, akamwuliza kwao ni wapi, wakarudi pamoja wakizungumza bei ya makuti. Hayo tu. Alipomaliza kunieleza alipangusa uso kwa kanga yangu, akanisihi nisimwambie mtu, maana mama yake ana moyo dhaifu na baba yake amekwisha waambia watu wote ofisini kwamba binti yake atakuwa mhandisi. Sikujibu. Alikuchukua kunyamaza kwangu kuwa ndiyo.

Mama Mkubwa alikuwa jikoni, juu ya mbuzi, akikuna nazi, na Kadzo alikuwa hajafika mwisho wa uchochoro. Nilishuka ngazi zile nikiwa nimekwisha amua, ingawa miguu ilikuwa bado haijui. Nikamwambia. Aliacha kukuna, nusu ya nazi mkononi, akanisikiliza mpaka mwisho. Alinawa mikono, akavaa buibui, akaniambia nivae langu.

Tulipofika Makupa, Kadzo mwenyewe alikuwa amepitiliza kwenda mazoezi ya kwaya. Mama yake alikuwa uani akichambua mchele, mwanamke mwembamba aliyesema polepole. Alitupa viti, akatuletea maji ya kunywa, wakaulizana hali kwa kirefu kama inavyopasa. Kisha Mama Mkubwa akasema kwamba mimi ni mgonjwa, ambalo lilikuwa kweli, na kwamba siwezi kukaa peke yangu, ambalo pia lilikuwa kweli. “Nimekuja kukuazima Kadzo, dadangu,” akasema. “Akae na mwenzake mpaka apate nafuu.” Mama Kadzo aliendelea kuchambua kwa muda, akitoa mawe na kuyatupa kando. Alimtazama Mama Mkubwa, akanitazama mimi, akauliza jambo moja tu: Jumapili itakuwaje. Mama Mkubwa akamjibu kwamba Jumapili atamsindikiza mwenyewe mpaka mlangoni pa kanisa. Na ndivyo alivyofanya miezi yote ile. Watu wa baraza walizoea kumwona Shuena na buibui lake akitembea asubuhi pamoja na msichana aliyeshika kitabu cha nyimbo, kisha akirudi tena adhuhuri kumchukua.

Kadzo aliacha kazi ile ya muda akahamia kwetu na mkoba mmoja. Siku za kwanza aliamini kwamba amekuja kuniuguza. Alinilazimisha kula, akanikokota kwenda kununua ndimu, akaficha zile karatasi za mitihani. Mama Mkubwa alitutia jikoni asubuhi, akatufundisha kukanda unga wa mahamri. Tulishindwa vibaya sana. Mimi nilitia hamira kidogo mno, Kadzo akakata vipande vinene kama matofali, na vilipotumbukizwa mafutani vilikataa kufura, vikakaa chini ya karai kama mawe. Tulizoea kwamba kosa hupunguza alama, na tulisimama pale tumejikunyata. Mama Mkubwa alivitoa, akavipanga sahanini, akatuita tule, naye akala kimoja, akakitafuna kwa kazi kubwa. Alisema kina ladha nzuri ukikizamisha katika chai. Siku ya pili vilikuwa hivyo hivyo, tukala. Nakumbuka nilipomtazama Kadzo, mashavu yamejaa, tukashikwa na kicheko mpaka tukakaa sakafuni. Sikuwa nimecheka tangu matokeo yatoke.

Alasiri, saa ya hofu, tulikaa pamoja dirishani. Ikija kwangu nilisema imekuja, naye akaniuliza iko wapi, kifuani au vidoleni, nami nikamweleza. Ikija kwake, nilimwuliza mimi. Hatukuwa na jibu la lile swali. Tulilizungumza tu kama watu wawili wanavyozungumzia mvua inayowanyeshea wote. Mara nyingine Mama Mkubwa alituita chini kabla haijafika, akidai kwamba sufuria ni zito na hawezi kuliteremsha. Mwezi wa Ramadhani ulipofika Kadzo alifunga pamoja nasi, bila kuambiwa na mtu, na magharibi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kwenye tende, na wa kwanza kuomba uji wa pilipili manga uongezwe.

Karibu na mwisho wa mfungo akagundua. Alitaka kwenda kwao Makupa kumwona mama yake, peke yake, kwa miguu. Mama Mkubwa akasema ngoja, nitavaa buibui. Kadzo akasema hapana haja. Mama Mkubwa akasema tena ngoja, haraka mno, na sauti yake ikavunjika katikati. Kadzo akanigeukia. Hakupaza sauti. “Umemwambia,” akasema. Nikamjibu kwamba nimemwambia, na kwamba nilimwambia siku ile ile. Akapanda ngazi, tukamsikia akitupa nguo zake ndani ya mkoba. Nilitaka kumfuata, lakini Mama Mkubwa alinizuia kwa mkono, akapanda yeye, polepole, akishika ukuta, kwa kuwa saumu ilikuwa imemchosha. Nilibaki chini, na kama kawaida ya nyumba ile nilisikia kila kitu.

Kadzo alimwambia kwamba amefanywa mwehu, amelindwa kama mtoto, na wote wawili tumemdanganya miezi mitatu. Mama Mkubwa hakubisha. Nikasikia kitanda kikilia, akiketi.

“Sikujua la kufanya, mwanangu,” akasema. “Mimi sikusoma kama nyinyi. Nilijua tu kwamba hapa pana kitanda cha pili.”

Adhana ya magharibi ilipoanza niliandaa futari, nikaweka vikombe vitatu, nikiogopa kwamba kimoja kitabaki. Walishuka pamoja. Kadzo macho yalikuwa mekundu. Aliketi mahali pake, akavunja tende yake katikati, akanipa nusu bila kunitazama. Hakunisamehe siku ile. Ilichukua muda, na kwa siku kadhaa alinijibu kwa ufupi. Lakini mkoba ulirudi chini ya kitanda. Leo, kwa elimu niliyo nayo, najua kwamba Kadzo alihitaji daktari vilevile, na miaka ya baadaye alimpata, nikafurahi. Najua pia kwamba ningefikwa na jambo lile leo ningelisema tena, kabla hajafika mwisho wa uchochoro.

Tuliitwa chuoni mwaka ule wa kungoja ulipokwisha. Mimi nilipewa udaktari. Kadzo alipewa uhandisi, akaomba abadilishiwe awe mwalimu wa hesabu, na baba yake alinuna, kisha akanyamaza, kisha akamnunulia sanduku jipya. Tulisafiri kwa gari moshi. Stesheni ilijaa wazazi na masanduku, vikapu vya maembe, watoto waliolala mabegani. Mama Mkubwa alikuwa amevaa leso mpya chini ya buibui, akihesabu vifurushi vyetu na kusahau amefika ngapi. Mama Kadzo akamsogelea, akamshika mikono yote miwili. Nilikuwa karibu, nikifunga kamba ya godoro, nikamsikia akimwambia kwa ile sauti yake ya polepole: “Ile siku ulipokuja kuniazima mtoto, nilijua mgonjwa ni yupi.” Mama Mkubwa alitaka kusema kitu. Mama Kadzo akatikisa kichwa. Alisema kwamba alikuwa akimwona mtoto wake anakwisha, na hakujua amwite nani, akaomba tu mtu abishe hodi. Wakakumbatiana pale, mtandio mweupe wa kwaya na buibui, na watu wenye mizigo wakawapita pembeni.

Gari lilipoondoka tulipunga mikono mpaka tusiwaone. Kadzo akaketi mbele yangu, magoti yetu yakigusana, akatazama nje, nyumba za mwisho za kisiwa zikipita.

“Waogopa?” akaniuliza.

“Naogopa.”

“Na mimi,” akasema. Akasogea, akanipisha nikae upande wake.